Mwalimu Aliyelinda Swichi ya Kambini

Alikuwa akibisha hodi kwenye chumba ambacho ufunguo wake alikuwa nao mwenyewe. Kila asubuhi. Anasimama mlangoni, anagonga mara mbili, anasubiri kidogo, ndipo anafungua kufuli na kuingia. Siku ya kwanza nilipomwona nilidhani mzee kichwa kimeyumba, maana kambini walikuwepo wengi ambao vichwa vilikuwa vimeyumba na hakuna aliyewalaumu. Nikamuuliza, "Shikamoo Mwalimu. Unamgongea nani humo ndani?"

"Marahaba," akasema, akanitazama juu ya miwani. "Namgongea nyoka. Na panya. Na mafundi wa kutoka Ngara wanaojua kila kitu."

Fundi wa kutoka Ngara nilikuwa mimi. Basi tulianza kwa ugomvi, na mimi ni Mhangaza wa Mugoma, kwetu ugomvi hatuuachi njiani.

Miaka hiyo wilaya yetu ilikuwa imejaa wakimbizi, na mimi nilikuwa fundi wa mtandao katika shirika moja lenye ofisi Ngara mjini, kule juu mlimani. Nilihudumia na ofisi yetu ya Biharamulo, na ofisi ndogo iliyokuwa ndani ya kambi, upande wa Kasulo. Hiyo ya kambini ilikuwa na chumba cha mitambo: kuta za matofali mabichi, paa la bati, rafu ya chuma, betri, feni moja inayokohoa, na swichi. Swichi ni kile kisanduku chenye matundu ambamo waya za kompyuta zote huchomekwa, nacho ndicho kinachopeleka ujumbe wa huyu kwa yule. Ikilala hiyo, ofisi nzima imelala. Aliyekuwa akiilinda ni Mwalimu. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mtu mzima wa miaka sitini hivi, kwao alifundisha fizikia. Kambi nzima ilimwita Mwalimu na mimi sikuwahi kumwita vingine.

Alikuwa na shati moja jeupe. Nasema moja, lakini huenda yalikuwa mawili yanayofanana, sikuwahi kuhakikisha. Alilifunga vifungo mpaka kooni, hata jua likiwa la kuchoma mawe. Pasi hakuwa nayo. Alililaza chini ya mkeka usiku, na asubuhi linatoka limenyooka kuliko la meneja wetu aliyekuwa na mfanyakazi wa kumpigia pasi. Chai alikunywa bila sukari, na ukimpa yenye sukari alikunywa vilevile bila kusema kitu, kisha akirudisha kikombe anasema, "Asante, ilikuwa tamu mno." Hujui kama amekusifu au amekusema.

Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kimenyooka, ila r na l zilimpiga chenga. "Funga mrango, Fundi, vumbi linaua feni." Akikasirika alihamia Kirundi, akijua vizuri kwamba Kihangaza changu na Kirundi chake ni ndugu wa tumbo moja, na kila tusi la heshima nitalisikia. Hakunitukana kwa kweli. Aliniuliza maswali tu. "Huko Ngara walikufundisha, au ulipita nje ya dirisha la darasa?" Loh! Nilikuwa mama wa mtoto mmoja wakati huo, nina cheti na barua ya ajira, na mtu mwenye kadi ya posho ya wakimbizi ananiuliza hivyo mbele ya madereva. Nilimchukia kama wiki mbili.

Alikuwa mkali wa kufuli, na hapo ndipo nilipokuwa simwelewi, kwa sababu kibanda chake mwenyewe hakikuwa na mlango. Kilikuwa na turubai tu, na turubai lenyewe hakulifunga. Jirani yake mmoja, mama aliyekuwa akipika pombe ya mtama, aliniambia kwamba watu waliingia kwake kuazima kijiko, kuazima chumvi, kuazima mkeka, yeye akiwepo au asiwepo. Nikamwuliza. "Mle mna vitu vyangu," akasema. "Chumba hiki kina vitu vya watu."

Jumapili aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa la kambini, sauti nzito hata hukuamini inatoka kwenye kifua kile. Lakini Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, padri alipoanza kusoma majina ya waliofariki, Mwalimu alitoka nje. Alisimama kwenye jua, kofia mkononi, mpaka majina yaishe, kisha akarudi kuimba. Wanakwaya wenzake walikwishazoea.

Sasa, haya ya mtandao. Siku moja gari letu lilitekwa kwenye pori la Biharamulo. Zama hizo mabasi yalisubiriana mpaka askari wa kusindikiza wapatikane ndipo yavuke pori, na dereva wetu hakusubiri. Walimvua mpaka viatu, wakampasua kichwa kwa kitako cha bunduki. Alipona, lakini meneja aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Akatoa amri: mafundi wasitembee ovyo, kila kinachoweza kufanywa kutoka Ngara kifanywe kutoka Ngara. Maana yake nitafute njia ya kuingia kwenye swichi ya kambini nikiwa nimekaa mezani kwangu mjini.

Njia ilikuwepo ya zamani, ya haraka. Unaipigia swichi kupitia mtandao, inakuuliza neno la siri, unaandika, umeingia. Nilifika kambini nikamwambia Mwalimu naiwasha hiyo, nusu saa nimemaliza, nirudi nimpikie mwanangu. Akasema, "Hapana."

"Hapana vipi, Mwalimu? Hii ni amri ya meneja."

Alichukua laptopu kuukuu ya ofisi, akaichomeka kwenye tundu moja la swichi, akagonga gonga, akanigeuzia mgongo. "Haya, ingia kwa njia yako."

Nikaingia. Nilipomaliza kuandika neno langu la siri kwenye kompyuta ya pembeni, akalisoma kwenye laptopu yake kwa sauti, herufi kwa herufi, madereva wawili wakiwa mlangoni. Lilikuwa jina la mwanangu na tarehe aliyozaliwa. Njia ile ya zamani inapitisha maneno wazi kwenye waya, na yeyote aliyekaa katikati anasoma tu, wala hahitaji akili nyingi. Nilijua hilo kwenye kitabu. Sikuwahi kulisikia likisomwa kwa sauti ya besi.

"Mtoto mzuri," akasema Mwalimu. "Mpe salamu. Sasa tufanye kazi."

Tulifanya kazi siku tatu. Kwanza tuliipa swichi jina lake, maana isiyo na jina haiwezi kutengeneza ufunguo. Kisha tukaiamuru itengeneze ufunguo, ule unaofanya kila neno linalopita kwenye waya liwe limefungwa, mtu wa katikati aone takataka tu. Kisha kila mmoja wetu akaandikishwa kwa jina lake na neno lake la siri. Nilitaka tutumie jina moja sote, rahisi. Akakataa katakata. "Kikiharibika kitu, nani ameharibu? 'Sisi'? Hakuna mtu anayeitwa Sisi." Mwisho tukaifunga njia ya zamani kabisa, tukaiambia swichi impokee anayetoka ofisi ya Ngara na meza chache za kambini tu, basi.

Nilipojaribu kuingia mara ya kwanza kutoka Ngara, swichi ilinionyesha alama yake, mstari mrefu wa tarakimu na herufi, ikauliza: unaikubali? Fundi yeyote mvivu anabonyeza ndiyo. Mwalimu alikwishanionya nisithubutu. Alikuwa ameinakili alama kwenye karatasi, amekaa karibu na swichi na redio ya upepo mdomoni.

"Ngara, Ngara, hapa kambi. Uko tayari kupokea?"

"Tayari, Mwalimu."

"Nne. Saba. A ya asubuhi. C ya chaki. Moja. F ya figo. Rudia."

Nikarudia. Tulikwenda hivyo mpaka mwisho, na madereva wote barabarani wanasikiliza kwa sababu chaneli ni moja. Mmoja akadakia, "Mwalimu, hiyo bahati nasibu inachezwa lini?" Nikahofu, nikamwuliza kama si hatari kusoma mambo yale hadharani.

"Uso si siri," akasema. "Mwenye nyumba anatoka mlangoni unamwona uso. Kazi yako ni kuhakikisha ndiye mwenyewe, kabla hujamwambia siri yako. Wewe kwenu Mugoma mtu akisema karibu gizani unaingia tu?"

Wiki iliyofuata nilijiona bingwa. Nikiwa Ngara nikabadilisha ile orodha ya wanaoruhusiwa, nikakosea tarakimu moja ya anwani yangu mwenyewe. Papo hapo kila kitu kikaganda. Nikashika redio huku uso unawaka.

"Fundi," akasema Mwalimu baada ya kunisikiliza. "Umejifungia nje."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na chungu kiko jikoni?"

Madereva walicheka mpaka wakaambiwa waache kuziba chaneli. Mwalimu akachomeka waya wake kwenye swichi, akanirekebishia, nikaingia. Alipocheka kidogo na yeye, akanifundisha ujanja ambao sikuuona kwenye kitabu chochote nilichokuwa nacho. Kabla hujagusa mlango, iambie swichi: baada ya dakika kumi, kama sijakwambia niko salama, jizime ujiwashe, urudi ulivyokuwa. Ukikosea, unasubiri dakika kumi tu na mlango unafunguka wenyewe. Hakuna haja ya kumwita mtu. Nilifurahi, nikamwambia, "Mwalimu, kumbe ulikuwa nayo hii unanificha!" Akasema, "Nilitaka kwanza ujue ladha ya kulala nje."

Siku moja mvua ilinyesha ile ya kwetu ya Machi, bati linapiga kelele huwezi kusikia mtu, umeme hakuna, jenereta imegoma. Tumekaa tu. Nikamtania kwamba amezidisha, ulinzi wote ule na ndani ya mtandao hamna kitu, ni orodha za wanaogawiwa maharage na mafuta. Hakucheka. Akasubiri mvua ipungue.

Akaniambia kwamba shuleni kwao alikuwa na daftari la mahudhurio. Majina ya wanafunzi, jina la baba, kilima anakotoka mtoto, maana kwao kilima ndicho kijiji. Daftari lilikaa kwenye droo ya meza. Droo ilikuwa na kufuli, lakini ufunguo ulipotea, na kila wiki alisema atamwita seremala, na wiki ikapita. Muhula mzima ukapita. Siku walipokuja watu wenye mapanga, yeye alikuwa ameshuka mjini kufuata chaki. Watu wale hawakuwajua watoto. Wangejuaje nani wa nani? Wakafungua droo. Wakasoma majina, lile jina na kilima chake. "Na wanafunzi wangu," akasema, "walikuwa wamezoea. Walisikia jina wakajibu nipo."

Mtoto mmoja aliruka dirishani, ndiye aliyemsimulia.

Akaendelea kwa sauti ileile ya kufundishia. Alisema kurudi kwao atarudi, hakatai, lakini wa mwisho kabisa. Baadhi ya wazazi wa watoto wale wako hai, wako kwenye vilima vilevile, na barabara ya kwenda kwake inapita milangoni mwao. "Bado sijapata la kuwaambia," akasema. "Nikipata, nitakwenda. Wanipe muda tu."

Nilijua, basi. Nataka ieleweke kwamba nilijua.

Muda wenyewe ulikuwa umeanza kwisha. Wakimbizi walikuwa wanarudishwa, malori yanakuja, kambi inapunguzwa mtaa kwa mtaa. Utaratibu wa ofisi yetu ulikuwa kwamba mkimbizi mwenye kazi kwetu anaandikwa msafara wa mwisho, kwa kuwa tunamhitaji mpaka siku ya kufunga. Asiye na kazi anakwenda na mtaa wake. Mtaa wa Mwalimu ulikuwa wa pili kwenye ratiba, lakini yeye alikuwa na barua ya kazi ya kulinda mitambo, na barua ile ndiyo ilikuwa muda wake.

Meneja akaniomba ripoti ya kazi ya swichi, ukurasa mmoja. Niliiandikia kambini, kwenye chumba kile, nimekaa kwenye kiti cha Mwalimu, yeye amenitengenezea chai. Nilikuwa na furaha! Miezi miwili ilikuwa imepita na hakuna aliyehitaji kuigusa swichi kwa mkono. Nikaandika kwamba kazi zote sasa zinafanyika kutoka Ngara kwa usalama. Kisha nikaandika sentensi moja zaidi, kwa sababu ilikuwa nzuri, kwa sababu ilionyesha jinsi nilivyo fundi: "Hakuna haja tena ya mtu kukaa na mtambo kambini." Nikapiga nukta, nikamaliza chai yangu.

Sikuwaza. Wengine wana visingizio vyao, mimi sina. Mkono uliandika na kichwa hakikuwepo.

Siku nane baadaye barua yake ilisitishwa. Nilipanda ngazi za meneja mbio. Nikamwambia yule mzee lazima abaki, mitambo inamhitaji, feni mbovu, betri mbovu. Meneja hakuwa mtu mbaya. Akafungua jalada, akanisomea sentensi yangu. "Hii umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi, lakini..."

"Basi ipi ya uongo? Hii, au hayo unayosema sasa?"

Hapo ndipo ningeweza kumwambia yote, habari za droo na wazazi na vilima, labda angesikia. Lakini sikuweza kutoa siri ya mtu kama kielelezo cha ofisini. Mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au woga. Nikashuka ngazi.

Asubuhi ya msafara wa mtaa wake nilikuwepo kwenye kituo cha kuondokea, kwa sababu mtandao wa kuhakiki orodha ulikuwa kazi yangu. Meza, hema, laptopu, malori matano yamepangwa, watu wamekaa juu ya mizigo yao. Nikamwona kwenye foleni. Shati jeupe, vifungo mpaka kooni, sanduku la bati, mkeka umekunjwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaacha meza nikamwendea.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Fundi."

"Mwalimu, ni mimi. Ripoti ile. Mimi ndiye niliyeandika."

"Najua. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na birika."

Nilimtazama. "Ulisoma? Mbona hukusema? Ungesema neno moja tu ningefuta!"

"Ningesema nini? Uandike uongo?" Aliuliza kweli, hakuwa na hasira. "Ilikuwa sahihi. Ujanja wa dakika kumi nilikufundisha mwenyewe."

Nikaanza kulia. Nikamwambia bado nitamwendea meneja, nitakwenda juu zaidi, nitaandika barua nyingine. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa, akasubiri kama alivyosubiri ile mvua. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Umenifuta?"

"Nini?"

"Kwenye swichi. Jina langu. Umelitoa?"

Nilikuwa sijalitoa. Aliporudisha ufunguo wa chumba nilipaswa kulitoa siku ileile, na nilikuwa nimefungua laptopu mara tatu nikashindwa. Lilikuwa limebaki pale chini ya langu, nikiingia naliona. Nikamwambia nimeliacha tu, halina madhara, ni kumbukumbu.

"Leo naingia kule kwetu," akasema, na sauti ikapanda mpaka watu wa foleni wakageuka. "Wakinikamata, wakinibana, wakiniuliza orodha za waliobaki huku zinapatikanaje? Mimi si shujaa, Fundi. Nitasema. Wakinipiga nitasema neno langu la siri. Unataka nifungue droo mara ya pili? Nifute!"

Tulikwenda mezani. Nikaingia kwenye swichi, naye amesimama begani kwangu kama zamani, nikaandika amri ya kuondoa jina lake. Ni mstari mmoja mfupi. Niliurudia mara mbili kwa sababu nilikosea herufi. Nikahifadhi.

"Sasa jaribu," akasema.

"Nimeshafuta, Mwalimu."

"Jaribu. Kazi isiyojaribiwa haijafanyika. Nipishe."

Nikampisha. Alivaa miwani, akakaa kwenye kiti changu, akaandika jina lake kwa kidole kimoja, kisha neno lake la siri, taratibu, kila herufi. Swichi ikamkataa. Akaandika tena. Ikamkataa. Akaandika mara ya tatu, na nikamwona anatazama kioo cha laptopu kama mtu ambaye bado alikuwa na tumaini dogo, ikamkataa na kumkatia laini.

"Vizuri," akasema. "Umefaulu."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akachukua sanduku lake na mkeka akaenda kupanda lori la pili. Karani wa hema aliniita mara nyingi nirudi kazini, foleni ilikuwa imesimama kwa ajili yangu. Nilikuwa bado namtazama mgongo, na mpaka lori linaondoka sikuwa nimemwambia nisamehe.